Marsabit ni jangwani, sweta ya nini?

Wengi wakisikia mbuga ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, hufungasha kofia na miwani ya jua, basi. Ni kweli, kule chini kuelekea jangwa la Chalbi ni mawe meusi na joto la kukausha koo. Ila mbuga yenyewe iko juu ya mlima wa volkano wenye kilele cha mita 1,700 hivi, na juu huko ni msitu mnene. Usiku baridi huingia na ukungu hutanda, asubuhi kuvumwani (zile nyuzi kama ndevu zinazoota juu ya miti) zilizoning'inia matawini zinadondosha maji. Ndovu Ahmed, aliyelindwa kwa amri ya Mzee Kenyatta hadi akafa mwaka 1974, aliishi humo, si mchangani. Siku hizi kutoka Isiolo ni lami tupu. Ndani ya mbuga, mvua ikinyesha, bila gari la foubai (4x4) utakwama.