Kinachomla mwenye deni la HELB si riba, ni faini

Wiki jana alinijia kijana wa Langoni, simu ameishika kama aliyeshika kaa la moto. "Ami, mimi nilikopa laki moja na sitini. Mbona leo naambiwa nadaiwa karibu laki tatu?"

Kazi yangu ni kuwasaidia watu hapa Lamu kupanga madeni yao ya serikali, na swali hilo silihesabu tena. Wengi hudhani riba ndiyo iliyowavimbishia deni. Si kweli. Riba ya HELB, bodi ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu, kwa aliyesomea shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, kwa hiyo laki moja na sitini huzaa takribani shilingi 6,400. (Kama riba yenyewe inakutatiza kidini, hilo kamuulize ustadhi wako, mimi ni mtu wa hesabu.)

Faini ndiyo nyangumi. Malipo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, upate kazi usipate. Ukinyamaza, akaunti hutozwa shilingi 5,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 60,000, karibu mara kumi ya riba. Huyu kijana alinyamaza miaka miwili: faini 120,000, riba kama 13,000, juu ya deni lenyewe. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini kwa HELB dozi ya kwanza ni kusema.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu hana ajira, anafanya kazi kwenye mashua ya watalii, na Mei na Juni kusi ikivuma hapati kitu. Hapo ndipo watu wetu hukosea: hungoja wapate fedha ya kulipa ndipo waende. Nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, mikono mitupu, au waandikie, uombe kupangiwa kiasi unachokimudu. Mimi humshauri mtu wa bahari ataje kiasi cha mwezi mbaya, si cha Desemba wageni wakijaa. Ukivuna msimu wa kaskazi, ongeza kwa hiari yako.

Mara kwa mara bodi hutangaza msamaha wa faini kwa muda maalumu, hasa kwa anayelipa deni lililobaki kwa mkupuo. Ukitangazwa, ni wakati wa kuwaita ndugu mchange. Kuungoja tu bila kulipa chochote ni kamari, na jina laweza kuwa limeshaingia CRB, ofisi inayoweka rekodi za wakopaji na wasiolipa.

Walioajiriwa nao wasilale. Sheria humtaka mwajiri aijulishe bodi ndani ya miezi mitatu tangu akuajiri, kisha akate mshahara na kupeleka. Kukata na kupeleka ni mambo mawili. Mimi mwenyewe mwajiri wangu wa zamani alinikata miezi minne na haikufika hata senti. Kilichoniokoa ni hati za mshahara nilizokuwa nimezitia kwenye bahasha. Kwa hiyo taarifa ya akaunti iangalie mwenyewe, angalau kila baada ya miezi mitatu.

Barua ya kijana tuliiandika pale pale barazani. Pahala pa kiasi tumepaacha wazi. Alitaka kwanza azungumze na nahodha wake.