Roger Casement na ripoti ya Kongo: ushahidi wa balozi mdogo ulivyokusanywa

Katika utumishi wa nje wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, mabalozi wadogo hawakuwa wenzao na wanadiplomasia wa Paris au Vienna. Idara zao zilikuwa mbali mbali. Balozi mdogo alikaa bandarini, akashughulikia hati za meli, matatizo ya mabaharia na malalamiko ya raia wa Uingereza. Roger Casement, aliyezaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, alikuwa mmoja wao: Lourenço Marques (Maputo ya leo) mwaka 1895, Luanda mwaka 1898, kisha Dola Huru ya Kongo, milki binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Mei 1903 Bunge la Uingereza liliitaka serikali ijadiliane kuhusu mateso ya wenyeji wa Kongo na nchi zilizotia saini Mkataba wa Berlin wa 1885, uliowaahidi wenyeji ulinzi na wafanyabiashara uhuru wa kuuza na kununua. Ili ijadiliane, serikali ilihitaji ushahidi. Casement aliondoka bandari ya Matadi, Kongo, tarehe 5 Juni.

Jambo la kwanza lilikuwa chombo. Angepanda meli ya dola, maofisa wangejua kila kijiji atakachotia nanga. Alikodi Henry Reed, meli ndogo ya mvuke ya wamisionari Wabaptisti wa Marekani, akasimama alipotaka. Wamisionari walijua lugha za wenyeji na walimsaidia kutafsiri. Msaada huo ulikuwa na gharama yake, maana baadaye dola ilidai kwamba mashahidi walikuwa wamefundishwa la kusema.

Jambo la pili ni kwamba Mto Kongo, aliousafiri, aliujua tangu zamani. Aliandika kuwa Lukolela, kando ya mto huo, mwaka 1887 ilikuwa na watu kama 5,000. Safari hii hawakufika 600. Hakuficha kwamba ugonjwa wa malale ulichangia, na hapo ndipo ripoti inapoaminika zaidi. Lakini alieleza pia kodi ya mpira na chakula, wanawake waliofungwa mpaka waume zao walete mpira, na askari waliotakiwa kuonyesha mikono iliyokatwa kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure.

Pigo lilitokana na kesi ya Epondo, kijana aliyepoteza mkono. Mbele ya Casement alimtaja mlinzi wa kampuni ya mpira kuwa ndiye aliyeukata. Casement alipoondoka, ofisa wa dola alimhoji tena, naye akasema aliumwa na nguruwe mwitu. Serikali ya Leopold iliishikilia kesi hiyo moja ili kuikanusha ripoti nzima. Shahidi anayebaki chini ya mamlaka anayoishtaki hana kinga; udhaifu huo haukuwa wa Epondo.

London nako ripoti ilipunguzwa makali. Ilipochapishwa Februari 1904, majina ya watu na vijiji yalikuwa yameondolewa na kuwekwa herufi. Casement alikasirika, na alikuwa na haki: msomaji hakuweza kuufuata ushahidi mpaka kijijini. Hata hivyo, tume ya uchunguzi aliyoiunda Leopold mwenyewe ilithibitisha sehemu kubwa ya madai hayo mwaka 1905, na mwaka 1908 Ubelgiji ikaichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme.

Casement alihamishiwa Brazil, na mwaka 1910 akatumwa Putumayo, Amazon ya Peru. Huko Uingereza haikuwa na mkataba wa kuegemea. Mlango ulikuwa mwingine: kampuni ya mpira ilisajiliwa London, na baadhi ya wasimamizi wake walitoka Barbados, hivyo walikuwa raia wa Uingereza. Aliwahoji 30 kati yao. Kwa kuwa wengi walikuwa wamewachapa Wahindi Wekundu kwa mikono yao wenyewe, maneno yao yalikuwa ushahidi na pia ungamo. Ripoti ilitoka mwaka 1912, na mwaka uliofuata mahakama iliamuru kampuni ivunjwe.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1911 na kustaafu mwaka 1913. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alikwenda Ujerumani kutafuta silaha kwa ajili ya uhuru wa Ireland, akakamatwa aliporudi Aprili 1916. Alivuliwa cheo chake, na tarehe 3 Agosti akanyongwa London kwa kosa la uhaini.