Lita 60 za kusimama bure

Nikiulizwa treni ya mizigo inakula mafuta kiasi gani kutoka Mombasa hadi Nairobi, sianzi na kilomita. Naanza na mita. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko juu kwa zaidi ya mita 1,600, na kila tani inayokwenda bara lazima ipandishwe kimo hicho chote.

Chuma juu ya chuma ni jambo zuri ajabu. Kwenye reli tambarare, ili tani moja iendelee kutembea taratibu, inatosha kuivuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Hata pakiti ya unga ya kilo 2 haifiki. Lori kwenye lami nzuri linataka pakiti tatu au nne kwa tani ileile, maana tairi hubonyea na kujirudi kila linapozunguka, na kazi hiyo yote inaishia kuwa joto. Gurudumu la treni linagusa reli kwa eneo dogo kama sarafu.

Sasa inua reli mita 1 kwa kila mita 100. Papo hapo zinaongezeka pakiti tano kwa kila tani, na mlima haujali kama umekuja na matairi au na chuma. Ndiyo sababu wajenzi wa reli huzungusha njia na kutoboa mahandaki kwa gharama kubwa, wakikwepa mwinuko ambao dereva wa gari dogo hata asingeuona.

Tupige hesabu. Kupandisha tani moja mita 1,600 kunahitaji kilowati-saa 4.4 hivi. Lita ya dizeli ina takriban kilowati-saa 10, lakini inayofika kwenye magurudumu ni kama theluthi. Sehemu kubwa ya iliyobaki hupotea kwenye moshi na rejeta. Basi kwa treni ya tani 4,000 zinakwenda lita 5,000 na zaidi kwa kupanda tu, kabla ya msuguano na upepo. Fundi anaweza kuitunza injini vizuri sana, na aitunze, lakini kimo hicho hakipungui.

Na wakati wa kushuka? Kichwa cha treni cha dizeli hugeuza mota zake za umeme, zile zinazozungusha magurudumu, kuwa jenereta ili zishike mwendo, kisha umeme unaozalishwa unaunguzwa kwenye nyaya zinazowaka kama jiko la umeme, na feni inapuliza joto hewani. Hilo huniuma kila mara. Reli ya kisasa ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina waya wa umeme wa volti 25,000 juu yake. Kwenye mfumo wa aina hiyo treni inayoshuka inaweza kurudisha umeme, ukamsaidia mwenzake anayepanda.

Lakini upotevu unaoweza kuzuilika leo, bila kununua chochote, ni kusimama. Treni ya tani 4,000 ikiwa kwenye kilomita 70 kwa saa, kuifikisha mwendo huo kumekula lita 60 na ushei. Ukiisimamisha kwa breki kwa sababu ya kupishana na treni nyingine kulikopangwa vibaya, umezimwaga. Kisha injini inabaki ikinguruma palepale, zaidi ya lita 10 kwa saa.

Niliwahi kupanda kichwa na dereva mzee, tukipanda mlima kwenye reli ya njia moja tu, ambako treni hupishana stesheni. Alipoona taa ya njano, onyo kwamba mbele huenda tukasimamishwa, alirudisha mkono wa mafuta mapema mno, nilivyodhani mimi, akaacha mabehewa yatambae yenyewe.

"Mzee, mbona umeachia huku mbali?"

"Naichelewesha njiani, injinia, nisije nikaisimamisha stesheni."

Hakugusa breki. Mwendo wa kilomita 70 kwa saa, ukiuacha ufe wenyewe mlimani, unatosha, ukiacha msuguano, kuipandisha treni kimo cha karibu mita 19 bila tone la dizeli. Tulifika tukienda kwa kasi ya baiskeli. Treni iliyokuwa ikishuka ilikuwa inamalizia kuingia njia ya pembeni, behewa la mwisho likapita alama, taa yetu ikawa kijani, na mzee akausogeza mkono wa mafuta hatua moja.