Wathesalonike hawakuacha kazi wakisubiri parapanda

Nimelisikia tena Jumapili, na safari hii siwezi kunyamaza. Mhubiri kafungua 2 Wathesalonike 3:10, “asiyetaka kufanya kazi, asile”, akatuambia kwamba Wakristo wa kule walitupa majembe wakakaa kutazama mawingu, Yesu anarudi kesho, ndipo Paulo akawapiga marufuku ya kula. Kisha akawageukia vijana wasio na ajira waliokaa nyuma, akawapa dozi yao.

Majembe, kwenye mji wa bandari! Lakini hilo tuliache. Thesalonike ulikuwa makao makuu ya Makedonia ya Kirumi, kando ya barabara kuu ya Egnatia. Paulo alifika akiwa na alama za fimbo za Filipi, akaanzisha kanisa, fujo zikazuka, mwenyeji wake Yasoni akatozwa dhamana, wageni wakatoroshwa usiku kwenda Beroya. Baadaye Timotheo alirudi kuwaangalia, akaleta habari, na barua ya kwanza ikaandikwa, yumkini Korintho, mwaka wa 50 au karibu na hapo. Tarehe tunaikadiria kwa liwali Galio, aliyeletewa mashtaka ya Paulo kule Korintho, ambaye maandishi ya jiwe la Delphi yanatusaidia kumweka Akaya, jimbo la Korintho, mnamo 51.

Sasa nauliza: ni mstari gani unaosema waliacha kazi kwa sababu ya marejeo ya Yesu? Barua mbili, sura nane, hazikuchoshi. Hofu kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika iko sura ya 2 ya barua ya pili. Wasiofanya kazi wako sura ya 3. Hakuna mahali Paulo anaposema hili limezaa lile. Katika barua ya kwanza, agizo la kufanya kazi kwa mikono (4:11) linafuatwa karibu mara moja na habari za waliolala mauti na kurudi kwa Bwana, na wafafanuzi wakaozesha mistari hiyo bila kuuliza wazazi.

Tena kuna jambo linalonikera zaidi kwa jinsi lilivyo wazi. Paulo anasema agizo hilo aliwapa tangu alipokuwa nao, na barua ya kwanza nayo inawakumbusha walivyoagizwa. Maana yake tatizo lilikuwapo, au alilihofia, kabla uvumi wa siku ya Bwana haujawatikisa.

Basi lilitoka wapi? Wengine wanaelekeza kidole kwenye desturi ya miji ya Kirumi: mtu mdogo alimwamkia tajiri asubuhi, akamsifu hadharani, akampigia debe, akapata riziki. Akiingia kanisani na mazoea hayo, atatafuta bwana mpya kati ya ndugu. Napenda maelezo haya, maana yanaeleza vizuri lawama ya 3:11 kuhusu watu wanaojishughulisha na ya wengine. Ila yanapwaya. Paulo mwenyewe anayaita makanisa ya Makedonia maskini sana (2 Wakorintho 8:2). Huyo tajiri wa kuamkiwa alikuwa nani? Yasoni peke yake? Wanafunzi wangu huniuliza hivyo, na jibu langu huwa refu kuliko lilivyo zuri.

Isitoshe, wapo wataalamu wengi wanaodai barua ya pili si ya Paulo: inafanana mno na ya kwanza, na ile saini ya 3:17 inasisitiza kupita kiasi. Mimi naegemea kwamba ni yake, ila sina hoja ya kumfunga mdomo mwenzangu.

Lisilo na ubishi ni kwamba amri ya kutokula ina maana tu pale ambapo kanisa linalishana. Vijana wa benchi la nyuma hawajawahi kupewa hata uji na kanisa lile. Na anayekataa kazi, kwa 3:15, si adui, anaonywa kama ndugu.

Kuhusu mstari wa 8, ambapo Paulo anasema hakula chakula cha mtu bure, alifanya kazi usiku na mchana asimlemee yeyote: huo bado sijausikia ukihubiriwa kabla ya pilau ya mgeni rasmi.