Kikomo cha kiutu: panya wa utafiti wa saratani aondolewe lini kwenye jaribio?

Kikomo cha kiutu ni alama inayowekwa kabla jaribio halijaanza: panya akifika hapo anaondolewa na kuuawa bila maumivu, hata kama mtafiti bado anataka data. Huandikwa kwenye itifaki, yaani mpango wa jaribio, na kupitishwa na kamati ya maadili, ili mtu asije akajipangia mwenyewe wakati uvimbe umeshakuwa mkubwa. Chimbuko lake ni kanuni tatu za wanasayansi Russell na Burch za mwaka 1959 kuhusu wanyama wa maabara: kutumia mbadala, kupunguza idadi yao, na hasa ile ya kupunguza mateso.

Uvimbe wa chini ya ngozi hupimwa kwa kalipa, kifaa chenye taya mbili cha kupimia milimita: urefu mara upana mara upana, gawa kwa mbili. Maabara nyingi huishia milimita za ujazo 2,000, na nyingine chini ya hapo. Lakini ngozi juu ya uvimbe ikipasuka na kuwa kidonda, au panya akianza kuchechemea, ukubwa hauna maana tena.

Panapokosewa sana ni kwenye uzito. Kikomo cha kawaida ni kupungua asilimia 20, na mizani hudanganya kwa sababu inapima panya pamoja na uvimbe wake. Chukua panya aliyeanza na gramu 20, leo mizani inasoma 18. Amepungua asilimia 10, unaona bado yuko salama. Sasa pima uvimbe: milimita 16 kwa 12, yaani milimita za ujazo 1,152, ambazo ni kama gramu 1.15. Toa hiyo, mwili wenyewe umebaki na gramu 16.85. Amepungua karibu asilimia 16. Maji yakijaa tumboni udanganyifu ni huohuo, na hayo huwezi kuyapima kwa kalipa. Ndiyo maana inafaa kumpapasa mgongo na nyonga kwa kidole: mifupa ikichomoza, mwili umekwisha, mizani iseme itakavyo.

Uvimbe wa ndani na saratani ya damu hutegemea dalili: manyoya yaliyosimama, mgongo uliopinda, miguu ya nyuma kulegea, kiota kilichoachwa bila kujengwa. Mtazame kabla hujagusa kizimba, maana panya akishtuka huficha maumivu. Uso nao unasema: macho yaliyofinywa, pua na mashavu yaliyotuna, masikio yaliyorudi nyuma, sharubu zilizobadili mkao. Kila kimoja hupewa alama, 0 kama hakipo hadi 2 kama ni dhahiri.

Ratiba ya ukaguzi ifuate kasi ya uvimbe. Mara mbili kwa wiki yatosha mwanzoni. Ukikaribia kikomo, kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Panya aliyeachwa Ijumaa jioni akiwa ukingoni hukutwa amekufa Jumatatu, tishu zimeshaoza, hata sampuli ya kupeleka kwenye hadubini haipatikani.