Samadi mbichi si salama eti kwa sababu ni ya asili

Wakulima wengi wa karoti huko Njoro na Molo huamini kwamba samadi haiwezi kumdhuru mlaji kwa kuwa haina kemikali. Sivyo. Kinyesi kibichi cha ng'ombe au kuku hubeba bakteria kama salmonela, na karoti huliwa mbichi. Kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Karoti hukomaa kwa takriban siku 90, kwa hiyo ukiiweka wakati wa kupanda umeshachelewa (tena mizizi hugawanyika).

Iozeshe kwanza: rundo likae nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, ukiligeuza mara 5. Usipoligeuza, tabaka la nje hubaki baridi, na humo vijidudu huponea.