Wazo na umbo lake: hakimiliki inalinda nini ndani ya gemu

Kwenye vibanda vya gemu vya Kirumba na Mabatini, jijini Mwanza, ubishi wa Free Fire na PUBG, gemu mbili za kupigana hadi abaki mmoja, hauishi. Mmoja anasema Free Fire ni kopi tu, mwenzake anajibu kwamba hata PUBG iliokota kwa wengine, kisha ubishi unahamia kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka bando likate. Neno linalorushwa sana ni "wizi". Sheria ya hakimiliki ina swali la kuuliza kabla ya kufika huko: kilichochukuliwa ni wazo, au ni umbo ambalo mtu alilipa wazo hilo?

Hakimiliki hailindi mawazo. Inalinda kile mtu alichokitengeneza kutokana nayo: michoro, muziki, maandishi, msimbo wa programu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inayaacha nje mawazo, taratibu, mifumo na mbinu za utendaji. Nchi nyingi zinasema hivyohivyo, na mkataba wa kimataifa wa TRIPS wa mwaka 1994 umeliandika waziwazi.

Tuseme kijana wa Nyegezi anatengeneza isolo, bao la Wasukuma, lichezwe kwenye simu. Namna ya kupanda kete na kuteka ni ya kila mtu, haombi ruhusa. Ila ubao aliouchora mwenyewe, mlio wa kete aliourekodi na msimbo alioandika usiku ni mali yake. Mwingine wa Buhongwa anaweza kutoa isolo yake yenye kanuni zilezile, mradi asinyofoe michoro na sauti za mwenzake. Na wala si kwa sababu isolo ni ya kale. Hata mchezo uliobuniwa wiki iliyopita, kanuni zake kama kanuni hazina mwenyewe kwa upande wa hakimiliki.

Hapo ni rahisi. Ugumu uko katikati, pale kanuni na sura yake zinaposhikana.

Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya Data East dhidi ya Epyx. Zote zilikuwa na gemu za karate: mavazi meupe na mekundu, mateke yaleyale, mwamuzi, pointi. Data East ilishindwa. Mahakama iliona kwamba mfanano mwingi umetoka kwenye karate yenyewe, na ukitengeneza gemu ya karate huwezi kukwepa mateke. Kile ambacho mada inakulazimisha kukiweka hakiwezi kuwa cha mtu mmoja. Kilichonichekesha ni cha baadaye: mwaka 1994 Data East hiyohiyo ilishtakiwa na Capcom, wenye gemu ya mapigano ya Street Fighter II, kwa gemu ya Fighter's History. Safari hii kanuni iliyowaangusha ikawaokoa, kwani mahakama ilikataa kuisimamisha gemu yao.

Basi watu wakadhani kukopi ni ruksa ilimradi usiguse msimbo. Kampuni ya Xio ilifikiri hivyo. Mwaka 2009 ilitoa gemu ya simu iitwayo Mino, ambayo ukiiona ungeapa ni Tetris. Xio haikukana kwamba iliifuata Tetris. Ilidai imechukua kanuni tu: vipande vinaanguka, mstari ukijaa unafutika. Mwaka 2012 mahakama ya New Jersey ilikubali kwamba kanuni hizo ni huru, kisha ikaihukumu Xio hata hivyo. Upana wa uwanja wa miraba 10 kwa 20, maumbo ya vipande na mng'aro wake, kivuli kinachoonyesha kipande kitatua wapi, vyote vilikuwa chaguo la mbunifu. Xio ingeweza kuchagua vingine, ila haikutaka kuhangaika.

Kwangu hicho ndicho kipimo kinachofaa kuingizwa kwenye ubishi wa kibandani: je, aliyefuata angeweza kufanya tofauti na mchezo ukabaki uleule? Watu kushuka kwa parachuti kisiwani, eneo salama kupungua, wa mwisho kushinda, hilo ni wazo. Krafton, wenye PUBG, walipowashtaki wenye Free Fire huko California mwezi Januari 2022, hawakuweza kusimama na hilo peke yake. Ilibidi waonyeshe vitu mahususi, hadi kikaango kinachotumika kama silaha. Ukitaka kusema "wameiba", taja kikaango. "Zinafanana" haitoshi.

Utetezi mwingine unaopendwa mitandaoni ni "sijauza, nimegawa bure". Kugawa bure hakukupi ruhusa. Na yule anayenakili gemu nzima na kuipachika kwenye mashine za kibanda chake hayumo kabisa katika mjadala huu. Wazo na umbo vyote amebeba kwa mkupuo.

Kuna mlango mwingine ambao wabishi wengi wanauruka, nao ni hataza (patent), haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Gemu ya Palworld ilipotoka Januari 2024, mitandao ilijaa picha za viumbe wake vikilinganishwa na Pokémon, jicho kwa jicho, mkia kwa mkia. Wengi walisubiri kesi ya hakimiliki. Septemba mwaka huohuo Nintendo na The Pokémon Company wakafungua kesi Tokyo, lakini ya hataza, juu ya mbinu za uchezaji kama kurusha kitu ili kumkamata kiumbe. Hataza inaweza kushika utendaji ambao hakimiliki inauachia. Inabidi isajiliwe, ina muda mfupi zaidi, na hainogi kwangu hata kidogo inapotumika kwenye mbinu za mchezo, maana inawafungia wadogo njia ambayo hakimiliki iliiacha wazi kwa makusudi.

Kwa kijana wetu wa Nyegezi, hataza ni shughuli ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na hakimiliki ni ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hakimiliki anayo tangu alipomaliza kuchora ubao wake, hata kabla ya kusajili. Atunze tu mafaili ya mwanzo yenye tarehe, kwa sababu wa Buhongwa akibisha, hayo ndiyo yatakayoulizwa.